Doa la Kahawia

Jina lako refu kama treni ya mizigo,
asetilikolinesterasi.
Siku ya kwanza kulitamka niliuma ulimi,
Daktari Qiu akacheka hadi miwani ikamdondoka.
"Mwite Mfagizi," akasema. "Kazi yake ndiyo hiyo."

Kwani neva ikishasema, lazima mtu afute ubao.
Neno likifika kwenye msuli,
unalikatakata kabla halijajirudia.
Bila wewe kidole kikikunjwa hakikunjuki,
pafu linasahau zamu yake.
Hayo sikuyasoma kitabuni.

Mama alipuliza dawa kwenye pamba, Anhui,
mwezi wa saba, pampu mgongoni, valvu inavuja,
shati limemganda mpaka kiunoni.
Jioni mboni zake zilikuwa ncha za sindano.
Mate, machozi, jasho, vyote vilimtoka kwa pamoja,
na nyama ya shavu ikachezacheza
kama maji yanayokaribia kuchemka.
Sumu ilikuwa imekufunga mikono, Mfagizi.
Maneno yalirundikana, wa kuyazoa hakuna.
Zahanati ilikuwa na atropini chupa tatu.
Tatu hazikutosha.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilishika ndoo.

Sasa ni saa nane usiku, Shanghai, ghorofa ya sita.
Jokofu linanguruma,
mvua ya msimu wa plamu inalamba dirisha,
nami nimeinamia darubini:
seli za pafu,
ambazo hazijapata kuonana na neva hata moja.
Tumezinyima chakula siku mbili.
Nimezitia rangi, nangoja.
Na hapo, polepole, doa la kahawia,
chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza:
wewe.

Umefuata nini huku?
Hapa hakuna ujumbe wa kufuta.
Seli inajikunyata, inatoka malengelenge,
kiini chake kinameguka,
na wewe umo humo humo ndani ya kiini,
mtumishi aliyeingia chumba cha mwenye nyumba,
fagio ameliegemeza mlangoni.
Daktari Qiu anashuku umeshika kisu,
kwamba uzi wa urithi unaukata wewe.
Wenzake wanabisha. Mimi napiga picha tu.
Hakuna kelele, hakuna usaha.
Majirani wanameza mabaki
na mahali pake panajifunga kama maji.

Nilikuchukia, sitaficha.
Ulikosekana, mama akafa.
Umekuja, hizi nazo zinakufa.
Wewe ni yule ndugu asiyeonekana msibani,
na siku akitokea, anatokea na jeneza.

Kisha viatu vikanibana, nikavivua.
Mguu wa kushoto, kidole cha pili na cha tatu
vimeshikana kwa utando tangu nizaliwe.
Mama aliniita Bata.
"Huyu maji hayamuwezi," aliwaambia wanawake kisimani,
akininyanyua mguu kila mtu aone, nami nikilia kwa haya.
Tumboni mwake, wiki ya nane, amri ilitolewa:
zilizo kati ya vidole, zife.
Zikafa bila kinyongo.
Nafasi kumi na tano zikafunguka.
Moja ikakataa.
Mikono hii inayoshika pipeti
ilichongwa kwa vifo nisivyovilia.
Kama ulikuwepo siku hiyo, sijui.
Kama ulichelewa, sijui pia.

Nimeandika daftarini: saa arobaini na nane,
kati ya seli mia tatu, kahawia mia mbili na kumi na nne.
Sakafu ni baridi.
Kunja, nauambia mguu.
Vile viwili vinakunjika pamoja, kama kawaida yao.
Kunjua.
Vinakunjuka.
Umepita hapo, Mfagizi, sasa hivi,
hukuacha hata vumbi.

Mia mbili na kumi na nne, au na kumi na tano?
Ile ya pembeni sina uhakika nayo.
Narudi kona ya kushoto, naanza upya kuhesabu.